Kutoka rafu ya vichezeo hadi televisheni na sinema: mwongozo kamili kwa mwenye midoli yake

Kosa linalojirudia ni lile lile. Mtu ana mdoli mmoja unaopendwa, pengine miwili, na tayari anatafuta pesa za filamu ya dakika tisini. Kituo cha televisheni kinamuuliza maswali matatu: mmiliki ni nani, hawa wahusika wanagombania nini, na vichezeo vitakuwa dukani lini. Hana jibu hata moja, na kikao kinaishia hapo.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata njia waliyopita Hasbro, Mattel na Lego, pamoja na mahali walipojikwaa. Kampuni hizo kubwa za vichezeo zina pesa za kujikwaa nazo. Wewe huna, kwa hiyo mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua yenyewe. Usiruke.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Vichezeo vitano hadi vinane vya familia moja, hata kama ni sampuli tu. Kimoja hakitoshi, ugomvi unahitaji watu.
- Michoro ya kila mhusika kutoka mbele, robo tatu (pembe ya kati ya mbele na ubavu), ubavuni na nyuma, pamoja na ukurasa mmoja unaowaonyesha wote wamesimama pamoja ili urefu wao ulinganishwe.
- Hati ya kuhamisha haki iliyosainiwa na kila aliyegusa kazi: mchoraji, mchongaji wa sampuli, aliyebuni jina, aliyechora nembo.
- Cheti cha usalama wa kichezeo kutoka maabara inayotambulika.
- Mwanasheria wa hakimiliki na alama za biashara. Siku chache zinatosha.
- Mwandishi aliyewahi kuandika vipindi vya watoto, na mhuishaji mmoja, yaani anayefanya michoro itembee.
- Akiba ya kuishi miezi 18 hadi 24 bila kutegemea shilingi ya skrini.

Neno moja kuhusu usalama, maana huangusha wengi wakiwa wameshalipia kalibu, yaani umbo la chuma la kutengenezea mdoli. Kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu hakiruhusiwi kuwa na kipande kinachoingia kizima kwenye silinda ya kupimia yenye kipenyo cha milimita 31.7. Upanga mdogo, kofia na viatu vinavyovuka ndivyo hufeli. Ukichora katuni ya watoto wa miaka miwili huku mdoli wako umeandikwa "miaka 3 na kuendelea", umewaalika wateja usioruhusiwa kuwauzia.

## Hatua ya 1: Safisha umiliki

Hakuna kituo wala studio itakayoweka fedha kwenye kitu chenye wamiliki watatu wasioelewana. Kabla ya neno lolote la hadithi, unganisha mnyororo wa umiliki kutoka mchoro wa kwanza hadi mdoli uliopo dukani.

Angalia yaliyowapata Transformers, roboti za kuchezea za Hasbro. Roboti nyingi za mwanzo Hasbro ilizipata kwa Takara ya Japani. Jetfire, aliyeingia sokoni mwaka 1985, alitoka kwingine: kalibu yake ilikuwa ya Takatoku, na umbo lake ni la ndege ya katuni ya Kijapani ya Macross, ambayo vichezeo vyake viliishia mikononi mwa Bandai, mshindani wa Takara. Ikabidi kwenye katuni achorwe upya na kupewa jina Skyfire. Mtoto aliyemwona Skyfire kwenye runinga alikwenda dukani akamkuta Jetfire asiyefanana naye. Huo ni mhusika aliyelipiwa mara mbili na akauzwa nusu.

Mfano wa pili ni midoli ya Trolls, iliyochongwa na Thomas Dam wa Denmark mwaka 1959. Nchini Marekani midoli hiyo ilipoteza ulinzi wa hakimiliki kwa miaka mingi kwa sababu tangazo la hakimiliki halikuwekwa inavyotakiwa, na nakala za wengine zikajaa madukani. Haki zilirejeshwa baadaye kwa mabadiliko ya sheria, na filamu ya DreamWorks ikatoka mwaka 2016. Fikiria nani angeweka fedha zake katika filamu hiyo kama umiliki ungebaki wazi.

Fanya hivi:

1. Orodhesha kila mtu aliyechangia, kisha mpe hati ya kuhamisha haki inayotaja televisheni, filamu, mchezo wa kompyuta, vitabu na nguo kwa majina. Hati inayosema "mchoro wa mdoli" pekee haitoshi.
2. Sajili jina na nembo kama alama ya biashara katika madaraja yote utakayoyahitaji: 28 kwa vichezeo, 41 kwa vipindi na burudani, 9 kwa filamu na sauti zilizorekodiwa, 16 kwa vitabu na vibandiko, 25 kwa nguo. Wengi husajili 28 tu, halafu mtu mwingine anajitokeza na 41.
3. Sajili nchi kwa nchi, kwenye ofisi ya usajili ya kila moja. Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Tanzania Bara ni BRELA, lakini usajili wa Bara hauvuki kwenda Zanzibar; kule unasajili upya kwa BPRA.
4. Epuka jina linaloelezea kitu chenyewe. "Roboti" au "Mdoli Mzuri" halilindiki. Jina la kubuni hulindika kirahisi zaidi.

Tahadhari: mchongaji rafiki aliyelipwa "kwa chai" ndiye hatari kubwa kuliko mwizi. Mkiwa hamna hati, sheria za nchi nyingi humhesabu yeye kuwa mwenye haki ya kazi aliyoifanya. Msainishe kabla mdoli haujapata jina mjini.

Umefanikiwa pale ambapo jalada moja lina kila hati, na mtu asiyekujua anaweza kulisoma kwa saa moja na kusema bila kusita kwamba haki zote ni zako.

## Hatua ya 2: Pima kama midoli inabeba hadithi

Kuna midoli mizuri ambayo haina hadithi ndani yake, na hakuna mwandishi atakayeilazimisha. Fanya majaribio mawili.

La kwanza ni la kivuli. Jaza kila mhusika kwa rangi nyeusi tupu. Kama mtu hawezi kuwatofautisha kwa umbo, kwenye skrini ndogo ya simu watapotea. Badilisha mabega, vichwa na urefu, usikimbilie kubadilisha rangi.

La pili ni la mkekani. Kaa na watoto wanne wa umri unaoulenga, weka midoli yote katikati, usiwaambie kitu, waangalie kwa dakika 20. Andika vitenzi tu: wanajenga, wanapigana, wanauguza, wanaficha, wanasafiri. Vitenzi vinavyojirudia ndivyo kipindi chako kitakavyokuwa. Ukiwa na midoli inayouguzwa na ukaandika katuni ya mapigano, mtoto akitoka kwenye runinga hatajua aucheze vipi mdoli wake.

Mwaka 2012 Universal ilitoa filamu iliyotokana na mchezo wa Battleship wa Hasbro. Mchezo una gridi na pini. Hauna mtu mwenye jina wala sababu ya vita. Waandishi walibuni kila kitu, hadi wavamizi kutoka anga za juu, na jina la mchezo halikuwa na chochote cha kuwapa. Filamu iliishia kwenye hasara.

## Hatua ya 3: Andika kadi ya wasifu ya kila mhusika

Hapa ndipo thamani kubwa inazaliwa kwa gharama ndogo, kwa hiyo kaa hapa kwa muda mrefu kuliko unavyopenda.

Kabla ya kuzindua Transformers mwaka 1984, Hasbro iliipelekea Marvel Comics roboti zisizo na majina ya Kiingereza wala tabia. Jim Shooter aliandika msingi wa hadithi, Denny O'Neil akatoa jina Optimus Prime, na Bob Budiansky akawapa wengi waliobaki majina na wasifu. Kwa G.I. Joe, Larry Hama aliandika kadi zilizochapwa nyuma ya kifungashio, na wasifu huo huo ukatumika kwa wahusika wa vitabu vya katuni. Kwa maneno mengine, karatasi ya kifungashio ilifanya kazi ya idara nzima ya uandishi.

Kila kadi iwe na maneno 60 hadi 100, yenye:

- Jina, na kazi anayoifanya ndani ya kundi.
- Anachokitaka kwa udi na uvumba.
- Uwezo mmoja tu.
- Udhaifu unaozaa matatizo. "Ana hasira" haufai. "Hawezi kukataa dau" unafaa, maana dau moja ni kipindi kizima.
- Mtu wa kundi lake mwenyewe asiyeelewana naye.

Kipengele cha mwisho ndicho husahaulika. Adui wa nje huendesha vipindi vitatu vinne. Baada ya hapo waandishi huishiwa. Msuguano wa ndani ya kundi ndio hulisha misimu. Ndiyo sababu My Little Pony ya mwaka 2010, iliyotengenezwa upya na Lauren Faust, ilishika watoto na hata watu wazima: kila farasi ana kasoro inayomgonga mwenzake.

Kaulimbiu ni hiari. Nyingi huwa mbaya.

Umefanikiwa pale unapofunika majina, ukasoma sentensi kumi za mazungumzo, na msomaji akataja nani kasema nini.

## Hatua ya 4: Tengeneza daftari kuu la hadithi

Kurasa 15 hadi 20 zinatosha. Ndani yake: dunia yao kwa ukurasa mmoja, kadi za wahusika, ramani, kanuni, muhtasari wa vipindi 20 hadi 26, kila kimoja sentensi mbili, na muswada kamili wa kipindi cha kwanza.

Kwenye kanuni, andika zaidi yasiyowezekana. Nani hawezi kuruka. Nini hakirudi kikishavunjika. Je, wanadamu wanawaona? Usipoamua sasa, mwandishi wa kipindi cha saba ataamua kwa niaba yako, na wa kumi na tatu atampinga.

Ukikwama kwenye muhtasari wa kumi na moja au kumi na mbili, tatizo halipo kwenye muhtasari. Rudi hatua ya 3, utakuta wahusika wawili wanafanana tabia.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa bei rahisi

Mattel waliweka kitabu kidogo cha katuni ndani ya kifungashio cha He-Man tangu mwaka 1982, kabla ya katuni ya televisheni. Fanya vivyo hivyo.

1. Chapisha kitabu cha kurasa 8, 12 au 16. Kitabu cha pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, vinginevyo utalipia karatasi tupu.
2. Tengeneza filamu fupi sita za sekunde 60 hadi 90, kila moja ikimbeba mhusika tofauti.
3. Rekodi mazungumzo, muziki na milio katika faili tofauti za sauti, na uzihifadhi hivyo.

Namba tatu inaonekana ndogo hadi msambazaji atakapoomba toleo la Kifaransa. Kama sauti zimechanganywa pamoja, muziki wote unatengenezwa upya. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014 kwa Kiswahili, imeweza kuingizwa sauti za lugha nyingine na kuvuka mipaka. Bila faili za sauti zilizotenganishwa, safari ya namna hiyo huwa ghali mno.

Kipimo hapa si idadi ya watazamaji. Angalia ni mhusika gani watoto wanamtaja kwa jina bila kuulizwa, na ni yupi anayeisha dukani mapema. Wakitofautiana, mwamini wa dukani.

## Hatua ya 6: Ingia televisheni

Amua ukubwa wa oda. Mwaka 1983 studio ya Filmation ilitengeneza vipindi 65 vya He-Man kwa msimu, kwa sababu siku tano kwa wiki 13 ni 65, robo mwaka nzima bila marudio. Kwa mtayarishaji mdogo leo, oda inayoeleweka sokoni ni vipindi 26 au 52 vya dakika 11. Viwili vikiunganishwa vinajaza nafasi ya nusu saa pamoja na matangazo.

Mtiririko wa kipindi kimoja ni huu: muhtasari, muswada wa kurasa 15 hadi 18, kurekodi sauti, michoro ya mfuatano wa matukio, michoro hiyo ikiwekwa kwenye muda pamoja na sauti, uhuishaji, masahihisho, mchanganyiko wa sauti. Rekodi sauti kabla ya uhuishaji, maana midomo hufuata sauti. Marekebisho yote makubwa yafanyike wakati wa michoro iliyowekwa kwenye muda. Kubadili tukio hapo ni kazi ya siku moja. Kulibadili baada ya uhuishaji ni kulitengeneza upya.

Tahadhari ya kwanza: kujaza midoli. Upande wa mauzo utataka kila kichezeo kipya kionekane. Weka kikomo cha mhusika mmoja mpya kwa kipindi, na asiingie bila kazi ya kufanya kwenye kisa.

Tahadhari ya pili: kuua wahusika ili kusafisha rafu. Filamu ya katuni ya Transformers ya mwaka 1986 ilimuua Optimus Prime ili kupisha midoli mipya. Watoto walilia sinemani, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 akafufuliwa kwenye mfululizo. Katika filamu ya G.I. Joe iliyofuata, Duke alipaswa kufa. Maneno yakabadilishwa akawa amezimia tu. Mdoli ukiwa kitandani kwa mtoto, huyo si bidhaa ya mwaka jana.

Tahadhari ya tatu: sheria za matangazo. Ukiuza Marekani, tangazo la kichezeo likiwekwa ndani ya kipindi cha kichezeo hicho hicho cha watoto, kipindi chote kinahesabiwa kuwa tangazo. Kikomo cha matangazo kwenye vipindi vya watoto wa miaka 12 na chini ni dakika 10.5 kwa saa wikendi na dakika 12 siku za kazi, kwa hiyo umekivunja papo hapo. Uingereza hairuhusu bidhaa kulipiwa ili ionekane ndani ya vipindi vya watoto. Andika katika mkataba kwamba matangazo ya midoli yako yasipangwe ndani ya kipindi chako.

## Hatua ya 7: Linganisha kalenda ya rafu na ya skrini

Skrini inaweza kuchelewa wiki mbili. Meli haisubiri, na sikukuu hazisogei. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 1 Oktoba, kwa ajili ya Krismasi:

- Miezi 24 kabla: daftari kuu na miswada mitatu.
- Miezi 18: funga sura za wahusika. Baada ya hapa hakuna kubadili pembe wala mkia, kwa sababu mchongaji na mhuishaji wote wanatumia mchoro huo huo.
- Miezi 14 hadi 11: kukata kalibu za chuma na kurekebisha sampuli.
- Miezi 10: vipimo vya usalama, na wiki kadhaa za akiba za kurudia.
- Miezi 6: uzalishaji.
- Miezi 4: melini. Kutoka bandari za kusini mwa China hadi Dar es Salaam au Mombasa tenga wiki nne hadi sita za baharini, kisha kutoa mzigo bandarini.
- Wiki 6 hadi 8 kabla: kipindi cha kwanza hewani.

Mzigo wa kwanza uwe mdogo, na nusu yake iwe wahusika wawili wanaoongoza. Wanaoanza huagiza kila mhusika idadi sawa, halafu shujaa anaisha wiki ya kwanza na msaidizi wake anabaki hadi Pasaka.

Na usifunge mradi mzima kwenye oda moja ya kituo. Lego ilizindua Galidor mwaka 2002, mfululizo wa waigizaji halisi na midoli yake kwa pamoja. Kipindi hakikudumu, na midoli, iliyotengenezwa kukifuata, haikuwa na pa kusimama. Ninjago ya mwaka 2011 ilikuwa kichezeo kizuri hata kwa mtoto asiyeona katuni, na imedumu.

## Hatua ya 8: Mikataba na hesabu

Mwenye leseni, yaani kampuni uliyoiruhusu kutumia wahusika wako, hukulipa mrabaha, ambao ni asilimia fulani ya bei ya jumla. Kiwango hutegemea bidhaa, lakini asilimia 5 hadi 15 ndiyo masafa ya kawaida. Tuseme kiwanda cha madaftari kimechukua leseni kwa asilimia 8, bei ya jumla ni shilingi 12,000 kwa pakiti, na kimeuza pakiti 5,000. Mrabaha ni 960 mara 5,000, yaani shilingi 4,800,000. Kama mkataba una malipo ya chini ya uhakika ya 6,000,000, unapata 6,000,000, na tofauti hairudishwi.

Vifungu vya kupigania:

- Haki za vichezeo zibaki kwako. Kituo kitaomba sehemu ya mapato ya bidhaa. Jadili asilimia, usiuze haki yenyewe.
- Makato kwenye mauzo yawe na kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu.
- Haki ya kukagua vitabu vya mwenye leseni mara moja kwa mwaka.
- Haki zirudi kwako kama hakuna kilichotengenezwa ndani ya muda fulani.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichomwokoa Barbie. Filamu yake ilikaa Sony kwa miaka bila kupigwa picha. Muda ulipokwisha, haki zilirudi na mwaka 2018 zikahamia Warner Bros. Filamu ya Greta Gerwig ilitoka mwaka 2023 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.4. Kwako, miezi 12 hadi 18 inayoweza kuongezwa mara moja kwa malipo inatosha.

## Hatua ya 9: Filamu

Usiiguse kabla ya msimu wa pili kuagizwa, na kabla bidhaa zisizo vichezeo hazijaanza kuuzwa zenyewe. Fulana ya mhusika inaponunuliwa na mtu asiye na mtoto, muda umekaribia.

Kuna ngazi ya katikati ambayo wengi huiruka: filamu ya saa moja hivi inayokwenda moja kwa moja nyumbani. Barbie alianza hivyo mwaka 2001, na alitoa nyingi kabla ya kufika sinema kubwa. Bionicle ya Lego ilipita hapo mwaka 2003. Bajeti ni ndogo, na inakuonyesha kama hadithi yako inahimili dakika 70 bila kunyooshwa.

Ukifika sinema, shikilia idhini ya mambo matatu: sura za wahusika, tabia zao za msingi, na mwisho wa hadithi. Mengine mwachie mwongozaji. Jem and the Holograms ya mwaka 2015 iliondoa sehemu kubwa ya kile mashabiki wa katuni ya miaka ya 1980 walichokipenda, na ikaondolewa kwenye kumbi baada ya wiki mbili. Upande wa pili, The Lego Movie ya mwaka 2014 iliwaachia Phil Lord na Christopher Miller uhuru mkubwa, lakini ikashika jambo moja: kila kinachoonekana kinajengeka kwa matofali.

Filamu ikishakabidhiwa, hifadhi vitu hivi katika sehemu mbili tofauti: kalibu zote zikiwa zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, faili za michoro zenye tabaka, faili za sauti zilizotenganishwa, na mikataba yote. Kisha weka kwenye kalenda tarehe ya kuhuisha kila alama ya biashara. Kenya ni kila miaka 10, na ombi linaweza kupelekwa kabla muda haujaisha.